Utabiri wa hali ya hewa jeshini: watu wanavyodhani na ukweli ulivyo

Nikimwambia mtu hapa Malindi kwamba mimi ni fundi wa hali ya hewa na siku hizi nafundisha vijana wa jeshi kutabiri, swali la kwanza ni lile lile, "kwani mvua inanyesha lini?" Swali lenyewe halina ubaya. Kinachonisumbua ni dhana zinazofuata, manake zinafanya watu wadharau kazi ambayo ikienda vibaya kuna watu hawarudi nyumbani.

Ya kwanza, ati mtabiri wa jeshi ni yule yule wa kwenye TV ila amevaa magwanda. Hapana. Wa TV anaongea na nchi nzima, wa jeshi anaongea na mtu mmoja ambaye ana uamuzi wa kufanya usiku huu. Kamanda haulizi kama kutakuwa na mawingu, anauliza kutoka ardhini hadi tumbo la wingu kuna futi ngapi, kwa sababu rubani wa helikopta atapita hapo katikati. Anauliza joto la saa nane mchana, manake hewa ya moto ni nyepesi na helikopta iliyobeba mzigo vizuri alfajiri inaweza kushindwa na mzigo huo huo mchana. Anauliza mwezi unatoka saa ngapi, maji yanajaa saa ngapi, mawimbi yana urefu gani pale boti zinaposhusha watu. Kwa hiyo kitu ninachowaambia kabla ya vingine vyote ni kwamba ukimaliza kuandika utabiri wako jiulize, "haya, sasa yeye afanye nini?" Kama karatasi yako haimsaidii kujibu hilo, bado hujamaliza.

Sasa hii ya pili ndiyo inaniuma kabisa: "Siku hizi kuna setilaiti na kompyuta, mtu wa kutazama angani wa nini?" Hata vijana wenyewe wanakuja nayo darasani, simu mkononi, apu imeshamwambia kila kitu. Ukweli ni kwamba ile setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta inaona vizuri mgongo wa wingu, lakini chini ya wingu zito haioni, na kompyuta inaanza hesabu zake kutoka kwa vipimo vilivyochukuliwa. Kipimo kikiwa cha uongo na hesabu inaanza na uongo.

Chukua mfano wa hapa hapa pwani. Ndani ya lile sanduku jeupe la mbao unaloliona kwenye vituo kuna themomita mbili, moja kavu na nyingine imevikwa kitambaa cha pamba kinachofyonza maji. Maji yakikauka yanaipoza ile themomita, na tofauti kati ya hizo mbili ndiyo inakwambia unyevu wa hewa. Lakini upepo wa bahari unakuja na chumvi, chumvi inaganda kwenye kitambaa, kinakuwa kigumu ukikishika, maji hayakauki inavyotakiwa, themomita inasoma juu, na hewa inaonekana ina unyevu kuliko ulioko kweli. Hiyo namba mtu mwingine mbali huko anaitumia kukisia ukungu au kimo cha wingu, na yeye hana habari ya chumvi ya Malindi. Ndio maana kijana wangu hagusi kompyuta mpaka ajue kukagua kitambaa kwa vidole, akibadilishe kwa wakati, na atumie maji yasiyo na chumvi wala uchafu. Wengine wananuna mwanzoni, baadaye wanaelewa.

Na asiyeamini kwamba kipimo kimoja kina uzito, amsome Maureen Flavin, baadaye Bi Sweeney, msaidizi wa posta pale Blacksod magharibi ya Ireland. Mwanzoni mwa Juni 1944 alikuwa akisoma baomita, kile kipimo cha mgandamizo wa hewa, na kutuma namba kama kawaida, wakampigia simu kutoka Uingereza kumwomba ahakikishe, akasoma tena, akasema ndivyo ilivyo. Vipimo vya huko vilikuwa miongoni mwa vile vilivyomsaidia James Stagg, mtabiri mkuu wa jenerali Eisenhower wa Marekani, kusema uvamizi wa Normandy, Ufaransa, katika Vita vya Pili vya Dunia usiende tarehe 5 na kwamba tarehe 6 kutakuwa na nafasi ndogo. Wangengoja maji na hali ya fukwe ikae sawa tena wangeangukia karibu na tarehe 19, na tarehe hiyo ikaja dhoruba iliyovunja moja ya bandari zao mbili za muda na kuharibu nyingine. Dada wa posta na baomita yake.

Kuna dhana nyingine inakuja kwa sura mbili. Wazee wa Lamu wanasema sisi wa vyombo vya kupimia hatujui kitu, na baadhi ya vijana wa vipimo wanasema wazee wanabahatisha. Wote wamekosea. Kusi na kaskazi zimo kwenye takwimu zetu kama zilivyo kwenye vichwa vya manahodha, na gharama ya kuzipuuza inajulikana hapa Malindi tangu zamani. Vasco da Gama aliondoka hapa Aprili 1498 na rubani aliyempata hapa hapa, kusi ikimsukuma, akafika upande wa Calicut, India, kwa siku kama 23. Kurudi akaiacha pwani ya India Oktoba, kaskazi haijakaa sawa, ikamchukua karibu miezi mitatu baharini, watu wake wakafa kwa kiseyeye, na alipofika huku akaishia kuichoma merikebu moja kwa kukosa mabaharia. Hii huwa naifundisha kama somo la utabiri wa kijeshi kabisa, sio historia.

"Jeshi lina utabiri wake wa siri." Hewa haina siri jamani, vipimo vingi nchi zinabadilishana kupitia Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Kinachofichwa ni operesheni, na usiri ukizidi unaumiza wenyewe. Aprili 1980 helikopta za Marekani zilikuwa zinaingia Iran kuokoa mateka zikakutana na vumbi zito jangwani. Wataalamu wao wa hali ya hewa walikuwa wanalijua vumbi la aina hiyo, lakini hawakukaa na marubani uso kwa uso, na marubani wakashtukizwa nalo. Operesheni ikavunjwa, na wakati wa kuondoka ndege zikagongana wakafa watu 8. Darasani kwangu mtabiri na rubani lazima waketi meza moja, na kwa hilo sibishani na mtu.

Kuna na dhana kwamba mtabiri akisema "mvua asilimia 40" anajikinga tu asilaumiwe. Ukweli ni mfupi. Ukikusanya siku zote ulizosema 40, mvua inyeshe karibu 4 katika kila 10. Hiyo inapimika, na kamanda anaweza kuipima dhidi ya hasara yake. Machi 1948 kambi ya Tinker, Oklahoma, ilipigwa na kimbunga cha tornado, siku tano baadaye Fawbush na Miller, watabiri wa jeshi pale kambini, wakaona hali inafanana na ile wakatoa onyo, ndege zikafichwa, na jioni tornado ikaja kweli. Mpaka siku hiyo wengi waliona jambo hilo haliwezi kutabirika.

Kuhusu wanaosema mafuriko yanaletwa na jeshi linalotengeneza mvua, ni kweli Marekani walijaribu kumwagia mawingu kemikali kule Vietnam kati ya 1967 na 1972, na mwaka 1977 mataifa yakaanza kutia saini mkataba wa kukataza hali ya hewa kutumiwa kama silaha. Mafuriko ya kwetu hayahitaji maelezo hayo.

Na wale mnaoniuliza mtasoma wapi, chuo cha Idara ya Hali ya Hewa kiko Dagoretti Corner, Nairobi, na kinapokea wanafunzi kutoka nchi nyingine pia. Wekeni bidii kwenye hesabu na fizikia, dada zetu pia msiogope, na mkiwa mnangoja nafasi anzeni kuandika kila siku saa ile ile upepo unatoka wapi na mawingu yamefunika sehemu ngapi kati ya nane za anga.