Je, wajua kwa nini fomu ya kitambulisho huuliza kabila, na kitambulisho chenyewe hakilitaji?

Juzi nilimsindikiza mpwa wangu kuandikisha kitambulisho hapa Mombasa. Katimiza miaka 18, cheti cha kuzaliwa anacho, nakala za vitambulisho vya wazazi anazo, na kwa kuwa jina lake lina "bin" katikati, akaambiwa alete na cha babu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka karani alipofika kwenye mstari wa kabila.

"Kabila?"

"Mkilindini."

"Nimekuuliza kabila, si bandari."

Foleni nzima ilicheka, na mimi pia nikacheka. Kwenye tuktuk tukirudi Mji wa Kale, kijana akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mjomba, kwani kadi ikitoka, kabila litakuwa wapi?"

Halipo. Chukua kitambulisho chako ukigeuze: jina, jinsia, tarehe na mahali ulipozaliwa. Kabila umeulizwa, limeandikwa, limebaki ofisini.

Swali hilo ni urithi wa kipande. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mmoja alipewa karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole na habari za mwajiri wake, akaivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Kabila lilihitajika ili mtu akitoroka kazini ijulikane atafutwe kijiji gani. Mwaka 1947 ikaja sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote, na ndiyo hiyo, pamoja na marekebisho yake, iliyobaki vitabuni kama Sura ya 107 ya sheria za Kenya. Katika orodha ya mambo ya kuandikwa, inataka "kabila au rangi" ya mtu.

Hiyo "au" ndiyo iliyotuponza sisi wa Mombasa. Katika akili ya mkoloni, Mwafrika ana kabila, na Mzungu, Mhindi na Mwarabu wana rangi. Mswahili je? Kila sheria ilikuwa na tafsiri yake ya nani ni mwenyeji, moja ikimtia huku, nyingine kule. Wala hayakuwa maneno matupu: kodi, mahakama na kura vyote vilifuata upande uliotiwa. Miaka ya 1920 Waarabu walipopewa kiti cha kuchaguliwa katika baraza la kutunga sheria, Waswahili wa Mombasa waliachwa nje, wakaandika malalamiko wakitaka wahesabiwe pamoja nao. Wapo wanaowacheka wazee hao leo, eti waliukana Uafrika. Mimi siwacheki. Mtu akikwambia mlango huu una kura na ule una kodi, utasimama wapi?

Tena wazee hao walikuwa na majina yao wenyewe, mazuri tu. Wakilindini, Wachangamwe na Watangana ndio Thelatha Taifa. Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wakatwa na Wabajuni ndio Tisa Taifa. Ukiwajumlisha unapata Thenashara Taifa, Mombasa yenyewe. Angalia walivyojiita: taifa. "Kabila", kwa wengi wa Mji wa Kale, ni ukoo, kama Mazrui. Waingereza wakatafsiri "taifa" kwa neno lile lile walilolitumia kwa kabila, na tangu hapo karani na mzee wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, wakiulizana kabila, kila mmoja anauliza kitu chake.

Mji nao ukaendelea kukua juu ya majina hayo. Kilindini ikawa gati la makontena, Changamwe na Jomvu maeneo bunge, Kilifi kaunti nzima, na Mtwapa, haya, Mtwapa tunaijua watu wanaiendea nini usiku. Sasa ukitaja taifa lako ni kama unataja unakoshukia matatu. Watangana wana nafuu, hawana steji.

Lakini usidhani kila mtu anataka mstari huo ufutwe. Wamakonde wa Kwale waliishi Kenya miongo kadhaa bila vitambulisho, mpaka Oktoba 2016 walipotembea kwenda Nairobi kumwona Rais. Mwaka uliofuata wakatangazwa kabila la 43. Wapemba wavuvi wa pwani hii walisubiri hadi 2023. Kwao kukosa jina kwenye orodha kulimaanisha kukosa kadi, na bila kadi hakuna akaunti ya benki wala laini ya simu kwa jina lako. Hiyo 43 yenyewe usiniulize inahesabiwaje, maana Wamijikenda humo ni mmoja, na jina lao linasema ni miji tisa.

Ng'ambo ya mpaka wa Lungalunga, jamaa zetu wa Tanga hawajaulizwa kabila kwenye sensa tangu 1967. Huku, sensa ya 2019 ilipata Waswahili 56,000 na kitu nchi nzima. Ukipita Mombasa siku ya Idi hutaamini.

Kuna neno moja nililiacha makusudi. Sheria haisemi kabila la mtu tu, inasema lile alilolitaja mwenyewe. Karani si wa kukuchagulia. Nilimwambia mpwa wangu hivyo pale dirishani, kwa sauti ya chini, naye akafikiri kidogo akasema, "Andika Mswahili." Karani akaandika bila neno.

Tulipofika nyumbani dadake akatucheka. Yeye alijiandikisha miaka 6 iliyopita, akafuata karatasi ya zamani ya babu yao, iliyopigwa chapa "Mwarabu". Mama mmoja, baba mmoja. Kadi ya kijana ikitoka, kama ya dadake, haitataja kabila lolote.