Baba, damu yako tunaitaka, ila si kwa mwanao

Wiki iliyopita nimeambiwa tena. Baba kasimama mlangoni pa wodi, mkono wa shati kashaukunja: "Dokta, mwanangu asiwekewe damu ya mtu nisiyemjua. Mimi nipo, mzima, nitoeni." Nyuma yake bibi wa mtoto anaitikia kwa kichwa. Hilo nimelizoea. Kilichonichosha ni muuguzi wangu mwenyewe, mtu wa miaka mingi kazini, kuninong'oneza: "Lakini si kweli, dokta? Ya baba si ndiyo inayomfaa zaidi?"

Haimfai. Na kwa kuwa nimelieleza hili kwenye korido mara nyingi kuliko nilivyokunywa chai, leo naandika.

Mimi ni daktari wa usingizi. Wazee bado wanatuita watu wa nusukaputi, na jina silikatai. Hesabu kwanza, upesi. Mtoto wa miezi miwili ana karibu mililita 80 za damu kwa kila kilo ya uzito wake. Wa kilo 4.4 ana kama 350, yaani chupa moja ya soda ya kioo. Akipoteza 35, asilimia kumi imekwenda, na hizo humezwa na vipande vitatu vinne vya gozi ndogo, vile vitambaa vya kufyonzea damu. Ndiyo maana mnaniona nazihesabu gozi kama kondakta anavyohesabu nauli.

Sasa baba.

Ndani ya chupa ya damu hamna chembe nyekundu peke yake. Zimo chembe nyeupe zilizo hai, na hizo ndizo askari wa mwili. Kila mwili una alama zake za utambulisho, nusu umerithi kwa baba, nusu kwa mama. Chembe nyeupe za mtu baki zikiingia kwa mtoto, kinga yake inaziona ngeni na kuzimaliza. Za baba zinaingia zimevaa sare ya nyumbani. Ikitokea baba ana alama za aina moja pande zote mbili, za baba yake na za mama yake, kinga ya mtoto haioni kitu cha kukamata. Lakini mgeni yule akishakaa ndani anakuta nusu ya nyumba ni ya ukoo wa mama, hiyo haijui, na anaanza kubomoa. Ngozi, ini, utumbo, mwishowe uboho unaotengeneza damu. Siku kadhaa hadi wiki chache baada ya kuongezewa damu mtoto anapata homa, vipele, anaharisha. Zaidi ya asilimia 90 ya wanaopatwa hufariki, na hatuna dawa ya kutegemea.

Wajapani walijifunza kwa uchungu. Tangu miaka ya 1950 waliona wagonjwa waliofanyiwa upasuaji salama wakigeuka wekundu ngozi nzima siku kadhaa baadaye, kisha wakafa. Ikaja kufahamika kwamba chanzo ni damu waliyoongezewa, mara nyingi ikiwa mbichi kabisa, tena ya ndugu. Njia ya kuzuia ni kuipiga damu mionzi, kipimo cha grei 25, ili zile chembe nyeupe zisizaane. Kuchuja peke yake hakutoshi. Nami katika hospitali nilizofanyia kazi sijaiona mashine hiyo. Hata ingekuwepo, damu iliyopigwa mionzi huvujisha potasiamu, madini yaliyomo ndani ya chembe, haraka zaidi, na potasiamu nyingi ikisukumwa kwa sirinji kwenye mshipa wa mtoto mdogo husimamisha moyo. Umeziba tundu hapa, limefunguka pale.

"Basi nitoe mimi mama yake." Mama naye hapana, kwa sababu iliyo kinyume. Wakati wa ujauzito anaweza kuwa ametengeneza kingamwili, silaha za kinga ya mwili, dhidi ya vile mtoto alivyorithi kwa baba, nazo zimo kwenye plazima yake, yale majimaji ya damu. Kingamwili hizohizo zinaweza kuwa bado zinazunguka kwa mtoto, zikisubiri chembe nyekundu za baba zifike.

Na jambo la kundi la damu. Mama O, mtoto A: kichanga huyu namwekea chembe za O, si za A, maana miezi minne ya mwanzo kingamwili alizonazo ni za kuazima kwa mama, na za mama wa O hushambulia chembe za A. Tafadhali tusigombane getini kwamba nimekosea kusoma faili.

Kuna jingine halisemwi kwa sauti. Damu hupimwa UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, lakini maambukizi ya juzijuzi yanaweza yasionekane. Hapo kinachotulinda ni mtoaji kusema kweli anapoulizwa maswali. Mtu aliyekuja kuchangia kwa hiari yake atasema, au ataondoka kimya. Baba aliyesimama mbele ya mkwewe atasema nini? Ataukunja mkono wa shati.

Sasa niungame. Ugonjwa huu wa chembe nyeupe ni adimu, na sijawahi kuuthibitisha kwa mtoto hata mmoja. Ila mtoto mwenye homa, vipele na kuhara siku ya kumi baada ya upasuaji sisi tunaandika "maambukizi kwenye damu" na kuanza antibayotiki. Wangapi tumewaandika hivyo kimakosa? Na usiku mmoja, friji tupu, kichanga anavuja, aliyekuwepo wa kundi O ni baba peke yake. Tukaipima damu yake, nikaiweka. Mtoto alipona. Kupona kwake hakunithibitishii lolote, na usiku ule ukijirudia nitaiweka tena.

Hata "damu mbichi" yenyewe inanitatiza. Watoto njiti walijaribiwa Kanada, matokeo yakatoka 2012: iliyokaa siku zisizozidi saba haikuwa bora kuliko ya kawaida. Bado nikijua nitaisukuma nyingi kwa haraka naomba changa, kwa ajili ya potasiamu tu. Na beseni la maji ya moto la kupashia chupa ya damu naomba litolewe, linapika chembe.

Kwa hiyo baba, nenda benki ya damu ukatoe. Itakwenda kwa mtoto wa mwenzio, na wako atapata ya mtu usiyemjua. Mama naye asitoke kwenda kununua uji kabla maabara hawajamchukua sampuli: damu atakayowekewa kichanga tunailinganisha na ya mama yake, na leo asubuhi tumemtafuta nusu saa.