Tangazo lisilo na mshindani: matangazo na ubunifu wa bidhaa katika uchumi wa mipango

“Chukua yai moja zaidi.” Kaulimbiu hii ilivuma Ujerumani Mashariki katika miaka ya 1960. Haikutaja shamba, haikutaja kampuni, wala haikusema mayai ya nani ni mazuri kuliko ya nani. Yai ni yai. Kwa mtu aliyezoea matangazo ya kibiashara, hili ni tangazo la ajabu: nani hasa anafaidika nikila mayai mawili badala ya moja? Ukishajua uchumi wa nchi ile ulivyoendeshwa, ajabu inaisha. Mayai yalikuwa yamejaa, na kila aliyeongeza yai mezani aliwapunguzia wapangaji mzigo wa kutafuta vyakula vingine vilivyokuwa haba.

Uchumi wa mipango ni ule ambao maswali makubwa, yaani kitengenezwe nini, kiasi gani na kwa bei ipi, hujibiwa na ofisi ya serikali na si soko. Katika Umoja wa Kisovyeti ofisi hiyo ilikuwa Gosplan, iliyoanzishwa mwaka 1921, na mpango wa kwanza wa miaka mitano ulianza 1928. Viwanda viwili vya sabuni havikuwa wapinzani; vyote ni mali ya dola, kila kimoja na lengo lake kililopangiwa. Kwa mantiki hiyo, matangazo yalipaswa kufa kifo cha kawaida. Hayakufa. Yalibadilishiwa kazi.

Kwenye soko, tangazo humvuta mteja kutoka kwa muuzaji huyu kwenda kwa yule. Kwenye uchumi wa mipango, tangazo lilikuwa kama koki ya maji: lilielekeza mahitaji ya watu kule ambako bohari limejaa na kuyaondoa kule ambako hakuna kitu. Hiyo ndiyo maana ya msingi ya dhana hii. Tusiichanganye na mabango ya kisiasa, yale ya wafanyakazi wenye nyundo na mikono iliyoinuliwa. Bango la kisiasa lilikutaka uamini jambo. Tangazo la kijamaa lilikutaka ule samaki.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika miaka ya 1920, Urusi ilipolegeza kamba na kuruhusu biashara ndogondogo za watu binafsi chini ya Sera Mpya ya Uchumi, mashirika ya dola yalijikuta yakigombea wateja na wafanyabiashara. Hapo ndipo mshairi Vladimir Mayakovsky na msanii Aleksandr Rodchenko waliposhirikiana kutengeneza matangazo ya duka kubwa la GUM, shirika la mpira la Rezinotrest na shirika la vyakula la Mosselprom. Mayakovsky aliandika maneno, Rodchenko akachora: herufi nene, mishale, alama za mshangao, rangi mbili tatu zisizooneana aibu. Kaulimbiu ya Mosselprom, “hakuna pengine ila Mosselprom”, kwa Kirusi ina vina na inabaki kichwani kama wimbo wa watoto. Kuna bango la chuchu za mpira za kutulizia watoto linalodai kwamba hazijapata kutokea bora kuliko hizo, na kwamba mtu yuko tayari kuzinyonya hadi uzee. Huo ni utani wa muuzaji anayejua kwamba mlango wa pili yupo muuzaji mwingine. Mfanyabiashara binafsi alipobanwa hadi akatoweka mwanzoni mwa miaka ya 1930, sababu ya kutania namna hiyo iliondoka naye.

Kilichobaki ni koki. Bango mashuhuri la mwishoni mwa miaka ya 1930 liliwaambia Warusi kwamba umefika wakati kila mtu aonje jinsi nyama ya kaa wa kopo ilivyo tamu na laini. Kaa hao walikuwepo. Walaji ndio waliokuwa hawajazoea. Miaka ya baadaye kukawa na “Weka pesa zako kwenye benki ya akiba”, na benki ya akiba ilikuwa moja tu, ya dola. Kukawa pia na “Safiri kwa ndege za Aeroflot”, nchi nzima ikiwa haina shirika jingine la ndege la abiria. Watu wameicheka sana hiyo ya Aeroflot, na mimi nadhani wameicheka kupita kiasi. Mshindani wake hakuwa shirika jingine la ndege, alikuwa treni. Mpango ulikuwa umeshanunua ndege na kujenga viwanja, sasa ulitaka viti vijae. Na pesa za benki nazo zilikuwa na sababu: noti zinazozagaa mifukoni mwa watu wakati madukani hakuna cha kununua ni kero kwa mpangaji yeyote.

Wateja nao hawakuwa mbumbumbu. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mnunuzi wa Moscow au Leipzig alifikia hitimisho hilohilo bila kufundishwa. Kitu bora hakikuhitaji bango. Kiliisha kabla hakijapangwa rafuni, na habari zake zilisambaa kwa foleni na minong’ono. Kikitangazwa, basi aidha kimelala ghalani au kina kasoro. Mchumi wa Hungaria János Kornai ndiye aliyeeleza vizuri zaidi hali iliyozaa mazoea hayo. Kampuni ya kibepari, alisema, hukwama kwa kukosa wanunuzi; kiwanda cha kijamaa hukwama kwa kukosa malighafi, kwa sababu wanunuzi wapo siku zote, wamesimama nje. Muuzaji wa namna hiyo ana haja gani ya kumbembeleza mtu?

Na bado mafungu ya matangazo yalitengwa, na fungu la serikali lazima litumike. Huko Tallinn, nchini Estonia, iliyokuwa wakati huo sehemu ya Umoja wa Kisovyeti, tangu mwaka 1967 kulikuwa na kampuni ya filamu za matangazo iitwayo Eesti Reklaamfilm. Ilitengeneza maelfu ya filamu fupi, nyingine za kupendeza, nyingine za kichaa kabisa, na baadhi zilisifia vitu ambavyo mtazamaji asingeviona dukani hata akizunguka mji mzima. Tangazo limetengenezwa, taarifa ya utekelezaji imeandikwa, hesabu imefungwa. Kuku wa kusaga wa kwenye filamu hakuwa na ulazima wa kuwepo.

Ujerumani Mashariki ilikabiliana na kichekesho hicho kwa njia yake. Huko matangazo yalikuwa mikononi mwa DEWAG, shirika lililomilikiwa na chama tawala, na televisheni ilikuwa na kipindi chake cha matangazo kilichoitwa “Vidokezo elfu”. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilibana matumizi ya matangazo ya ndani, na mwaka 1976 kipindi hicho kikaondolewa hewani. Kutangaza kitu ambacho watu watakikosa ni kuwakumbusha kwamba wanakikosa. Matangazo ya nje yaliendelea, maana fedha za kigeni ni jambo lingine.

Upande wa nembo una somo lake, na hapa ndipo nadharia ilipopigwa mweleka na hali halisi. Ikiwa viwanda vyote ni vya mwenye mali mmoja na vinafuata mchoro mmoja, nembo ya nini? Chukua televisheni ya KVN-49, iliyotoka mwaka 1949. Kioo chake kilikuwa na upana wa sentimita 14 hivi, kidogo kuliko daftari la shule, kiasi kwamba watu waliweka mbele yake lenzi kubwa yenye tumbo, iliyojazwa maji au gliserini, ili picha ikue. Jina lilitokana na herufi za kwanza za majina ya wahandisi wake watatu. Wananchi wakazifasiri upya herufi hizo kwa Kirusi: nimenunua, nimewasha, haifanyi kazi.

Televisheni hiyo ilitengenezwa na viwanda kadhaa. Mchoro ni ule ule, mikono ni tofauti. Ikiharibika, unamlaumu nani, na utajuaje kilichotoka kiwanda kizembe? Alama ya kiwanda, ambayo kwa mtazamo wa kimapinduzi ilionekana pambo la kibepari, ikageuka kuwa njia pekee ya kumshika mtengenezaji kwa kosa lake. Mwaka 1967 Wasovyeti wakaongeza Alama ya Ubora ya dola, umbo la pembe tano, kwa bidhaa zilizopita ukaguzi. Hivyo nembo, ambayo sokoni hufahamika kama chambo cha mnunuzi, huku ilikuwa zaidi kama saini ya fundi.

Ubunifu wa bidhaa ulikumbana na adui mkubwa zaidi: kipimo cha mpango. Kiwanda kilipimwa kwa kiasi kilichotoa, na mara nyingi kiasi hicho kilikuwa uzito. Gazeti la vichekesho la Krokodil lilichora msumari mmoja mkubwa mno uliotimiza lengo zima la kiwanda. Nikita Khrushchev mwenyewe, kiongozi wa Umoja wa Kisovyeti, alilalamika kwamba taa za kuning’iniza darini zinazidi kuwa nzito kwa sababu watengenezaji wanahesabiwa tani. Mbunifu anayeleta mchoro wa taa nyepesi, nzuri, isiyokula chuma, katika kiwanda kama hicho ni mtu anayekuja kukata bonasi za wenzake.

Ndiyo maana ubunifu ulihitaji taasisi yake, nje ya viwanda. Mwaka 1962 ilianzishwa VNIITE, taasisi ya utafiti ya Umoja wa Kisovyeti mzima, chini ya Yuri Soloviev. Neno lililotumika lilikuwa “ujumi wa kiufundi”, yaani elimu ya uzuri wa vitu vya kiufundi, na mbunifu aliitwa msanii-mhandisi; neno la kigeni la kazi hiyo lilinukia ubepari. Ndani ya miaka miwili taasisi ilikuwa na teksi ya majaribio barabarani Moscow: injini nyuma, nafasi kubwa ya miguu, na mlango wa pembeni unaoteleza badala ya kufunguka nje, ili abiria aingie na mizigo yake bila kuinama sana. Kwa miaka ile, gari lile lilikuwa mbele ya mengi ya Magharibi. Halikuingia kiwandani hata siku moja. Kubadili gari ni kusimamisha mtambo, kutengeneza kalibu mpya na kukosa lengo la mwaka, na hakuna mkurugenzi aliyelipwa kwa kukosa lengo. Hali ilikuwa hiyohiyo katika mji wa Zwickau, Ujerumani Mashariki, ambako mradi wa gari la kurithi Trabant ulisimamishwa kwa amri mwaka 1968, na Trabant 601 ya mwaka 1964 ikaendelea kutoka, karibu vilevile, hadi 1990.

Polandi iligeuza mzigo kuwa bahati, angalau kwa mabango ya filamu. Msambazaji alikuwa dola, tiketi zingeuzwa tu, basi mchoraji hakulazimika kuweka uso wa mwigizaji nyota. Henryk Tomaszewski na wenzake wakachora walichokiona ndani ya filamu, na mwaka 1948 Tomaszewski peke yake alipata tuzo tano za kwanza katika maonyesho ya mabango Vienna.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni glasi ya kunywea bia. Ujerumani Mashariki ilikuwa haina malighafi za kuchezea, na glasi zilizovunjika katika mabaa na mikahawa zilirudi kwenye mpango kama deni. Wahandisi wakaja na dawa: glasi iliyokwisha kufinyangwa ilipitishwa kwenye chumvi ya potasiamu ya moto. Chembe za potasiamu ni nene kuliko za sodiamu zilizomo kwenye glasi. Zikichukua nafasi zake, uso wa glasi unajibana wenyewe kama ngozi ya ngoma na nyufa hazipati pa kuanzia. Vioo vya simu za leo huimarishwa kwa kanuni hiyohiyo. Glasi hizo, nyembamba, zinazopangika moja juu ya nyingine, zilitengenezwa Schwepnitz kuanzia 1980 kwa jina la Superfest, zaidi ya milioni 100.

Zilipopelekwa kutafutiwa soko Magharibi, wauza glasi hawakuona sababu ya kuuza kitu ambacho mteja hatarudi kukinunua tena. Mwaka 1990 uzalishaji ulisimama. Glasi zenyewe bado zinauziwa watu kama vitu vya kale, nyingi zikiwa hazina hata ufa.