Kidole cha sita si laana: dhana potofu kuhusu vidole

Mtoto akizaliwa na kidole cha sita, iwe Ngarenaro au Kibosho, minong'ono huanza siku hiyohiyo: mama kavunja mwiko, au ukoo una deni. Maneno haya yanaumiza, na hayana msingi. Mkono wa mtoto tumboni huanza ukiwa bapa kama kasia. Seli za upande wa kidole cha mwisho hutoa protini inayoelekeza vidole viote vingapi na vya namna gani. Kisha seli zilizo kati ya vidole hufa kwa mpangilio, na kufikia wiki ya 8 vidole vimeshaachana. Maelekezo yakitolewa mahali pasipo pake, kidole huongezeka. Mara nyingi ni jambo la kurithi, na mzazi anaweza kulibeba bila yeye mwenyewe kuwa na kidole cha ziada. Ndiyo maana watu huona limezuka tu. Tafadhali, msikifunge uzi ili kianguke. Kinaweza kuoza au kuacha kinundu kinachouma. Mpelekeni mtoto kwa daktari.

Wapo pia wanaoamini kwamba wanyama wenye uti wa mgongo na miguu walianza na vidole vitano kila mguu. Acanthostega, mmoja wa wanyama hao wa kale, aliyeishi miaka milioni 365 hivi iliyopita na ambaye mabaki yake yalipatikana Greenland, alikuwa na vidole 8 kwenye mguu wa mbele. Tano ilikuja baadaye, na wengi wameipunguza tena.

Mtazame punda anayepita na madumu ya maji. Kila mguu unakanyaga kidole kimoja tu, cha kati, na kwato ndiyo ukucha wake. Tunapopaita goti la mbele ni kifundo cha mkono, pale unapovaa saa. Mbuzi hukanyaga viwili, cha tatu na cha nne. Vile vidogo vinavyoning'inia nyuma ya kwato ni cha pili na cha tano.

Na mbega wa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, mweusi mwenye mkia mweupe wa manyoya mengi? Mikono yake haina dole gumba, lakini hakukatwa na mtego. Huzaliwa hivyo, pana kinundu kidogo tu, na hushika matawi kwa vidole vinne. Wala hakulipoteza kwa kutolitumia: kiungo cha mzazi kisichotumika hakimpunguzii mtoto kitu. Mabadiliko ya kurithi ndiyo yaliyojikusanya, kizazi baada ya kizazi, tena mikononi peke yake. Miguuni dole gumba lipo zima, na linashika tawi barabara.