Kwa nini Reli ya Kati husombwa kati ya Kilosa na Gulwe

Kila masika yakiwa makubwa, watu wa Dodoma huuliza swali lilelile: mbona reli hukatika palepale? Jibu limo kwenye njia yenyewe.

Wajerumani walianza kujenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Februari 1914 ikagota Kigoma, takriban kilomita 1,250. Ilifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa, lakini Mpwapwa, kituo mashuhuri cha misafara hiyo, kiliachwa pembeni; stesheni yake ikawa Gulwe.

Treni haiwezi mwinuko mkali. Ili kupanda kutoka Kilosa hadi Ugogo, yaani nchi ya Wagogo huko Dodoma, wahandisi walipita bonde la Mkondoa na Kinyasungwe, linalopenya milimani. Ulikuwa uamuzi wa busara, na gharama yake tunailipa hadi leo. Vilima vya Mpwapwa, Kongwa na Dodoma vimebaki na miti michache. Mvua ikipiga, korongo lililokuwa mchanga mtupu asubuhi hufurika tope jioni. Mchanga hutuama, kitako cha mto hupanda, na nafasi chini ya madaraja hupungua mwaka hadi mwaka. Maji yakikosa pa kupita hula tuta, na reli hubaki zinaning'inia hewani pamoja na mataruma yake. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalisimamisha treni za abiria kwa miezi. Ndiyo maana tunawasihi wananchi wasilime kwenye kingo za mito hii wala kukata miti ya miteremkoni: tuta la reli la Kidete, stesheni iliyo kati ya Kilosa na Gulwe, hulindwa kuanzia Mpwapwa.

Kwingine reli ilikufa bila maji. Tawi la kutoka stesheni ya Msagali kwenda Kongwa lilijengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili. Mradi ukaanguka, reli zikang'olewa.

Reli mpya ya kisasa (SGR), iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, ina upana wa milimita 1,435 badala ya 1,000, na inapita milima ya Kilosa kwa mahandaki. Ile ya zamani bado inaendelea kupitia Bahi na Kintinku, kisha inapanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Saranda na Manyoni, kuelekea Tabora.