Je, wajua kwa nini picha za setilaiti hazitoshi kutengeneza gemu ya Vita vya Shela?

Kwa sababu vita vile viliamuliwa na maji, na picha ya setilaiti huonyesha maji ya dakika moja tu. Majeshi ya Pate na Wamazrui wa Mombasa yalishuka ufuoni Shela, kilomita 3 hivi kutoka Lamu mjini (kuhusu mwaka vitabu havipatani: kati ya 1812 na 1814). Waamu waliyarudisha nyuma hadi ufuoni, na huko waliokimbia wakavikuta vyombo vyao vimepwelewa, juu ya mchanga. Mchezaji asipoona ufuo unavyopanuka mgongoni mwake, hataelewa kwa nini jeshi lenye vyombo lilishindwa kutoroka.

Basi pale anza kwa kupima kupwa. Nenda siku za bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na kupwa mnamo saa nne asubuhi. Chomeka vijiti kila mita 10, kuanzia chini ya vilima vya mchanga, ukiyafuata maji yanavyorudi, na uandike saa ambayo kila kijiti kimeachwa kikavu. Utaona mwendo haulingani. Maji yakishuka mita 3 kwa saa sita, saa ya kwanza hutoka sentimita 25 hivi, ya pili 50, ya tatu na ya nne 75 kila moja, kisha kasi hupungua tena. Ufuo ukiwa na mteremko wa mita 1 kwa kila mita 50, zile sentimita 75 ni takriban mita 37 za mchanga uliofunuliwa kwa saa moja. Mtepe uliokuwa ukielea vizuri unalala ubavu kabla nahodha hajajua. Ukishusha maji ya gemu kwa kasi moja tu, chombo kitapwelewa saa isiyo yake.

Mchanga nao una ukaidi wake. Ili kupata umbo la ufuo kwa gemu, unaupiga picha nyingi; kompyuta huziunganisha kwa kutafuta alama zinazofanana, na mchanga mtupu hauna alama, ndiyo maana umbo hutoka na matundu. Tandaza makombe ya baharini na vigingi vya rangi, picha zipandane kwa asilimia 70, umalize kabla vivuli havijasogea. Vilima huhamishwa na upepo, kwa hiyo vichukue kama sura ya mahali, si ramani ya siku ile.

Usichimbe bila kibali; sheria ya makumbusho ya 2006 inakataza. Upepo ukifunua mfupa, uache hapo hapo, ukawaarifu watu wa makumbusho pale Ngome ya Lamu.

Halafu kuna ule mnara mweupe wa Msikiti wa Ijumaa, ambao kila kamera huukimbilia. Msikiti ulijengwa 1829. Ufute.