Bajeti ya matumizi kwa anayefanya biashara peke yake

Bajeti ya matumizi ni hesabu ya mbele. Kabla hela haijaingia unapiga hesabu biashara itakula kiasi gani kwa mwezi, na kila siku ya kazi ichangie shilingi ngapi. Daftari la mauzo na manunuzi ni kitu kingine: hilo linaeleza yaliyokwisha kutokea. Wengi hapa Dar wana daftari, au angalau meseji za miamala kwenye simu, na wanaishia hapo.

Tofauti huonekana siku mwenye fremu, yaani chumba cha biashara, anapopiga simu. Fremu nyingi mjini hapa hupangishwa kwa miezi sita au mwaka, malipo mbele. Miezi mitano mtu anajiona ana faida nzuri, wa sita anakimbilia kausha damu, mikopo ya mitaani yenye riba kubwa. Ukichunguza, mwezi huo wa sita wala haukuwa na hasara. Kodi ilikuwa inajilimbikiza kila siku aliyofungua mlango, ila hakuna aliyeitenga.

Tuchukue fundi cherehani wa Tandika, yuko peke yake. Tuseme fremu ni 100,000 kwa mwezi, yaani 600,000 kwa mkupuo. Leseni ya biashara inayolipiwa upya kila mwaka, pamoja na kodi ya mapato, tuziwekee 360,000 kwa mwaka. Kwa mwezi ni 30,000. Makadirio ya kodi ya mapato ya TRA (mamlaka ya mapato) hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwa hiyo tarehe zake zinajulikana mapema kabisa. Matengenezo ya cherehani 20,000 kwa mwezi, hata kama mwezi huu haijaharibika. Umeme wa LUKU 30,000. Ulinzi shirikishi na taka 15,000. Jumla 195,000. Akifanya kazi siku 26, kila siku inadaiwa 7,500 kabla hajashona hata pindo.

Hapo bado yeye mwenyewe. Hii ndiyo gharama inayosahaulika kuliko zote, kwa sababu hakuna anayekuja kuidai. Fundi anachota kwenye droo: nauli ya daladala, unga, ada ya mtoto, mchango wa harusi ya binamu (na Dar michango ya harusi haina msimu). Jioni hajui amekula faida au amekula mtaji. Bajeti inamtaka ajiwekee mshahara, tuseme 390,000 kwa mwezi, na mchango wa harusi utoke humo. Kwa siku ni 15,000. Sasa siku inadaiwa 22,500.

Nyuzi, zipu na bitana sikuviweka kwenye hesabu hiyo makusudi. Hivyo hupanda na kushuka na kazi yenyewe: usiposhona, hununui. Vinatolewa kwenye bei ya kila nguo. Gauni la 15,000 likila vifaa vya 3,000, linabaki na 12,000. Magauni mawili kwa siku yanatosha kulipa siku na kubakiza 1,500, moja halitoshi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo namba ya kubandika ukutani, maana mteja akiomba umpunguzie hadi 10,000 unajua papo hapo unachotoa.

Advansi nayo ina mtego wake. Mteja akikuachia nusu ya malipo, hela hiyo bado ni deni mpaka nguo itoke. Karibu na Idi au Krismasi simu hujaa advansi, na mtu anaweza kununua televisheni kwa magauni ambayo hajayakata.

Hela ya kutenga isikae kwenye laini ile ile unayopokelea malipo, itaondoka. Wengine hutumia kijumbe, mchezo wa kuchangiana na kupokea kwa zamu, na si vibaya kama unamwamini anayekusanya, ila omba zamu yako iangukie mwezi wa kodi ya fremu. Ukipokea miezi mitatu kabla, hela hiyo itapata kazi nyingine.

Mwisho kuna misimu. Januari fundi anashona sare za shule hadi usiku, na kuelekea Idi ni kanzu na madira. Masika ya Machi hadi Mei, Idi isipoangukia humo, anaweza kukaa siku nzima bila gauni hata moja, na siku hiyo nayo inadaiwa 22,500 zake. Kwa hiyo miezi ya kazi nyingi itengewe zaidi ya 22,500 kwa siku, na ziada hiyo isiguswe mpaka mvua zianze.